Nyoosha Mgongo

Kabla sijaajiriwa sikujua kwamba mtu anaweza kuumia kwa kukaa. Kuumia kwa kazi nilikujua vizuri. Ukipanda mkarafuu tawi likakatika, unaumia. Ukipandisha pakacha la muhogo kutoka bondeni, kiuno kinakwambia jioni. Lakini kukaa! Kwetu Pujini kukaa ndiko kupumzika kwenyewe, na aliyekaa hana la kulalamika. Basi nilipoanza kurudi kutoka ofisini shingo imekaza na mabega yananiwaka, niliona haya hata kusema. Ningemwambia nini shangazi yangu niliyekuwa nakaa kwake pale Chake, mtu ambaye tangu alfajiri yuko jikoni anapuliza moto wa kuni mbichi? Kwamba nimechoka kwa kukaa kitini?

Miaka hiyo ilikuwa ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa nimemaliza skuli, nikapelekwa Unguja kwa mama mdogo kujifunza kupiga taipu, na niliporudi Pemba ofisi moja ya serikali ikanichukua kwa majaribio. Hakuna mwanamke aliyewahi kukaa katika ofisi ile. Wanawake waliokuwa wakiingia mle walikuwa na mashitaka yao, nao walisimama.

Baba alikuwa amekubali. Baba yangu mtu wa shamba, maneno machache, lakini alipenda kusoma kuliko alivyopenda kula, na sisi watoto wake wa kike watatu alitupeleka skuli wote. Aliyekuwa hakubali ni ami, kaka yake mkubwa, na katika ukoo wetu ami akishasema mazungumzo yamekwisha. Siku ya kuondoka kwangu alikuja akakaa barazani, akatafuna tambuu yake taratibu, kisha akasema:

"Haya, mwache aende tuone. Akishindwa akarudi na aibu yake, basi na hawa wadogo zake wawili watoke skuli. Tutakuwa tumeshajua kusoma kwao kunaishia wapi."

Baba alitazama chini. Kaka mkubwa hajibiwi. Wadogo zangu walikuwa nyuma ya mlango wanasikiliza, na yule wa mwisho alikuwa ametia pembe ya leso mdomoni anaitafuna. Sura ile niliondoka nayo. Kila nilipofungua mlango wa ofisi asubuhi niliiona.

Chumba chetu kilikuwa na meza mbili, kabati, mtungi wa maji, na dirisha moja kubwa. Meza moja yangu, na ya pili ya Karani Mkubwa. Huyu alikuwa mzee wa Kipemba hasa, kanzu safi, koti, kofia ya viua, na miwani aliyoifunga kwa uzi. Alikuwa rika la ami. Tena wawili hao walisoma chuo kimoja cha Kurani walipokuwa wadogo, wakachapwa kwa bakora moja. Na meza yake ilitazamana na yangu. Nikiinua uso, namwona yeye. Akiinua uso, ananiona mimi.

Hapo ndipo lilipoanza balaa langu, wala sikulijua.

Kwetu mtoto wa kike hakai mbele ya mtu mzima kichwa juu na kifua mbele. Mama alikuwa akiniona nimekaa wima mbele ya wageni, basi mkono wake huja kwa nyuma polepole, akanifinya pajani mpaka machozi. Wageni wakiondoka: "Ulikuwa unamtunishia nani kifua? Hujui adabu?" Nikajifunza. Mbele ya wakubwa ninajikunja, mabega nayaleta mbele, macho nayatia chini, najifanya mdogo. Nilifinywa sana, kwa hiyo nilijua sana. Unguja kwenye mafunzo ya taipu tulikuwa wasichana watupu, na mwalimu wetu, mwanamke, alikuwa akitembea nyuma yetu. Mbele hapakuwa na mtu. Nilipiga taipu siku nzima nikatoka naimba.

Sasa hapa nina mzee mbele yangu tangu saa moja na nusu asubuhi. Kila akikohoa, najikunja. Kila akiinua miwani, najikunja tena kidogo. Na kile kiti chenyewe, nani alikitengeneza sijui, kilikuwa kirefu hata miguu yangu haifiki chini. Mimi mfupi, Mungu kaniumba hivyo, sina ugomvi naye. Lakini miguu ikining'inia inakufa ganzi, na mtu aliyekufa ganzi miguu hujikunja zaidi.

Asubuhi barua ya kwanza ilikuwa inatoka safi. Ya pili safi. Ikifika saa nne vidole vinakuwa vya mtu mwingine. Usingizi unanijia, si usingizi wa kitandani, ule mwingine unaokukaa nyuma ya macho. Napiga "tafadhali" inatoka "tafahdali". Naruka mstari mzima. Nimeshaweka karatasi tatu na kaboni katikati, kosa moja ni makosa matatu. Barua zinakwenda kwa Bwana Mkubwa, zinarudi zimechorwa kalamu nyekundu, napiga upya, shingo inauma, nakosea upya. Nikirudi nyumbani natupa buibui, najitupa na mwenyewe.

Shangazi aliniangalia siku chache, akatoa hukumu yake.

"Hili jicho hili. Msichana peke yako katikati ya wanaume, wameshakuona."

"Shangazi, wamo wawili na tarishi."

"Mmoja anatosha!"

Akanichua kwa mafuta ya nazi na karafuu mpaka ngozi ikawasha. Akanifukiza ubani. Akaniandikishia kombe la aya kwa sharifu mmoja, nikalinywa lote kwa imani, wallahi, sikubakisha tone. Shingo pale pale. Nikaanza kuogopa kwamba nina maradhi. Usiku nilikuwa najipapasa uti wa mgongo kidole kwa kidole, natafuta palipovunjika.

Bwana Mkubwa mwenyewe alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, hana ubaya. Ila alikuwa na jambo moja: Kiswahili. Alikuwa akijitayarisha na mtihani wake wa Kiswahili, na alikisoma kitabuni kwa bidii kama mtoto wa chuo. Ukimjibu kwa Kiingereza anakunja uso. Alikuwa anaweza kukuambia, "Naomba nipate kalamu ambayo ni ya mimi," na wewe unampa kalamu, hucheki, kwa sababu ni mkubwa na mkubwa hakosei. Tarishi wetu akitoka nje ndipo anacheka, tena anashika ukuta.

Siku moja Bwana akatoka chumbani kwake ameshika barua zangu, nyekundu tupu. Akasimama mbele ya meza yangu.

"Bibi, makosa ni mengi."

"Ndiyo, Bwana."

"Mwezi ukiisha nitaandika habari zako. Kama makosa ni haya, sitaweza kuandika vizuri."

Mwezi ulikuwa umeshakatika katikati. Nikaiona ile leso mdomoni. Bwana akanitazama pale nilivyojikunja kitini, akatikisa kichwa, na sauti yake ikalainika.

"Wewe unachoka, Bibi."

"Nachoka, Bwana."

"Nyoosha mgongo. Kila mara, nyoosha mgongo. Utapata nguvu."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Mimi na Karani Mkubwa tukatazamana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama mzee yule machoni, nilisahau adabu kwa mshangao. Maana kwetu mtu akisema anakwenda kunyoosha mgongo, humfuati. Anakwenda kulala chali kidogo. Mama akitoka shambani hunyoosha mgongo. Baba baada ya adhuhuri hunyoosha mgongo, na sisi watoto tunaambiwa tukacheze mbali. Sasa Mzungu wa watu ananiambia niende nikajilaze, katikati ya kazi, tena si mara moja, kila mara!

Nikasema moyoni, na nani aliyesema hawa watu hawana huruma?

"Mzee," nikamwambia Karani Mkubwa kwa sauti ndogo, "umesikia?"

"Nimesikia."

"Ninyooshe wapi?"

Akaweka kalamu chini. Alilifikiri jambo lile kwa uzito wake wote. "Stoo," akasema mwishowe. "Mna mkeka wangu wa kusalia. Tia komeo, watu wasije wakakuingilia."

Tarishi aliyekuwa mlangoni akaruka. "Na mimi mgongo ninao!"

"Wewe umeambiwa?" Karani Mkubwa akamuuliza.

"Sikuambiwa."

"Basi peleka barua."

Nikaenda. Stoo ilikuwa chumba kidogo, kimejaa mafaili ya zamani na harufu ya panya, lakini sakafu yake ya saruji ilikuwa baridi, na ule mkeka ulikuwa safi. Nikatia komeo, nikatandika, nikalala chali, miguu nikaipandisha juu ya sanduku, leso usoni. Lo! Nilisikia mgongo unashuka chini pande kwa pande, kiuno kwanza, halafu katikati, halafu mabega. Sikulala usingizi. Nilikaa vile kadiri ya mtu kusoma sura ya Yasini, nikainuka, nikanawa uso mtungini, nikarudi mezani. Barua iliyofuata ilitoka haina kosa.

Nikawa nafanya vile kila nikiona vidole vinaanza ujinga. Naondoka, najinyoosha, narudi. Barua zikatoka nyeupe. Kalamu nyekundu ikapungua, ikapungua, ikapotea. Shangazi akasema kombe limefanya kazi, nikamwachia sifa yake, kwa nini nimnyime? Na Bwana Mkubwa naye alifurahi. Alikuwa akipita mezani kwangu asubuhi, mikono nyuma.

"Bibi, unanyoosha mgongo?"

"Nanyoosha, Bwana, kila mara."

"Vizuri sana! Endelea!"

Nami nikaendelea. Mtu akupe ruhusa namna hiyo usiendelee?

Stoo ile ilikuwa na mlango wa pili. Ulikuwa unatokea chumbani kwa Bwana, umefungwa kwa ufunguo miaka na miaka, na mbele yake pamerundikwa magunia matupu. Hata sikuwa nauhesabu kuwa mlango. Siku hiyo Bwana alikuwa anatafuta ramani ya zamani, akautafuta ufunguo, akaupata. Mimi nimelala zangu chali, leso usoni, miguu juu ya sanduku. Nikasikia magunia yanasogea. Nikasema, panya hawa leo wamekuja na wazee wao.

"Bibi!" Sauti juu yangu. "Umekufa?"

Niliruka nusura nijigonge ukutani. Leso huku, mimi kule, kiatu kimoja sikioni.

"Sikufa, Bwana! Nanyoosha mgongo!"

"Unalala!"

"Silali, nanyoosha mgongo!"

"Unalala katika kazi ya serikali!"

Hapo mimi hasira zikanipanda. Mimi hasira zangu ziko puani, hazina safari ndefu. "Si wewe uliyeniambia? Kila mara, umesema! Kila siku unaniuliza, nakujibu, unasema endelea! Leo nimekosa nini?"

Uso wake ukawa mwekundu mpaka masikio. Sijui kama alinifahamu, maana nilisema mbio na kwa Kipemba changu chote. Akanyoosha kidole mlangoni. "Rudi mezani. Saa nane, kazi ikiisha, wewe na Karani Mkubwa mtakuja kwangu."

Nikarudi mezani. Hasira ikatoka, ikaniacha na hofu tupu. Nilimwambia Karani Mkubwa yaliyotokea kwa maneno mawili matatu, akasikia, akarudi kwenye kuandika kwake. Saa zile nilizokaa kungoja sitaki hata kuzikumbuka. Nilikuwa natunga maneno ya kuwaambia wadogo zangu, na kila nikiyatunga nayaona hayafai. Ningewaambia nini? Dada yenu amewakosesha skuli kwa sababu alilala stoo? Ami angecheka mpaka tambuu imtoke.

Na tegemeo langu pekee lilikuwa mzee yule mbele yangu, na nilimwonea shaka, nasema kweli. Mtu ana nyumba, ana watoto, amebakisha kidogo astaafu. Atamwambia Mzungu, mkubwa wake, kwamba Kiswahili chake ndicho kilichokosa? Baba yangu mzazi, kwa wanawe mwenyewe, hakuweza kumjibu kaka yake. Huyu atanijibia mimi, mimi nani kwake? Angesema tu, "Mimi sijui, Bwana, mimi natazama kazi zangu," na hakuna mtu angemlaumu. Nami nisingemlaumu.

Saa nane tukaingia. Bwana amekaa nyuma ya meza yake, mikono ameifungamanisha.

"Mzee, huyu Bibi amelala katika stoo. Nani alimpa ruhusa?"

Karani Mkubwa alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya kanzu, akaivaa.

"Wewe, Bwana."

"Mimi?"

"Wewe. Ulimwambia anyooshe mgongo, mimi nikiwapo nasikia. Akaenda akanyoosha. Na mkeka ni wangu, mahali nilimwonesha mimi. Kama pana kosa, basi letu sote watatu."

Alisema kwa sauti ile ile ndogo ya siku zote, anayosomea orodha ya mafaili. Mimi machozi yakanijaa.

Bwana akakunja uso. "Lakini kunyoosha mgongo... Nyoosha ni kufanya kitu kiwe sawa. Nyoosha waya. Nyoosha mstari."

"Ndiyo, Bwana. Waya ni hivyo."

"Na mgongo?"

"Mgongo, mwenyewe hulala chali kidogo akapumzika."

Bwana akajikunja pale kitini, mtu mrefu yule, akaleta mabega mbele, akatia kichwa chini, akaning'iniza mikono. Alikuwa mimi kabisa! Hata sikujua kama naonekana vibaya hivyo. "Mtu akikaa hivi," akasema kutoka huko chini, kisha akajiweka wima, "nami nataka akae hivi, nimwambie nini?"

"Mwambie akae wima, Bwana. Au mwambie asijikunje."

"Kaa wima," Bwana akasema polepole. "Kaa wima. Asijikunje." Halafu akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Nikamtazama Karani Mkubwa, naye ameuma mdomo anatazama dari. Kumbe mtu anacheka! "Kila siku namwuliza," anasema, pumzi zinamwisha, "Bibi, unanyoosha mgongo? Naye ananijibu, kila mara, Bwana! Nami nasema, endelea!"

Basi ikawa kucheka. Karani Mkubwa mzee wa watu alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilicheka na kulia pamoja, nikaomba ruhusa nikae. Nikaambiwa, "Kaa wima!" tukaanza upya.

Tulipotulia Bwana akazitazama barua zangu za siku zile, moja moja. Hazikuwa na kosa. Akazigonga mezani zikalingana. "Stoo, mara moja asubuhi, dakika chache. Kwa maana ya kwenu," akasema. "Na kitini, kwa maana yangu. Lakini niambie, Bibi. Kwa nini hukai wima?"

Ningesema vipi? Sababu yenyewe ilikuwa imekaa ubavuni mwangu, imevaa kofia ya viua, na dakika chache nyuma imeniokoa. Nikatia macho chini. Nikajikunja.

Karani Mkubwa akanitazama nilivyojikunja, mara moja tu, akakohoa kidogo. Akaomba ruhusa kwamba adhuhuri inampita, akatoka.

Asubuhi yake nilifika ofisini nikasimama mlangoni, nikidhani nimekosea chumba. Meza ya Karani Mkubwa ilikuwa imegeuzwa. Imetazama dirishani. Pale sakafuni ilipokuwa siku zote pamebaki alama nne za miguu yake, nyeupe, na vumbi pembeni. Mzee mwenyewe ameshakaa, amenipa kisogo, anaandika.

"Subalkheri, Mzee."

"Subalkheri, mwanangu. Macho yangu haya," akasema bila kugeuka. "Mwanga wa upande ule ulikuwa unaniumiza."

Alikuwa amekaa upande ule tangu mimi sijazaliwa. Mwanga haukuwahi kumuumiza.

Nikaenda mezani kwangu. Chini ya miguu nikaweka mbuzi ya kukunia nazi, ya shangazi, iliyokatika ulimi. Nilikuwa nimekuja nayo kwapani ndani ya buibui, na tarishi alikuwa ameshaniuliza njiani kama mbuzi huyo anakula karatasi. Miguu ikakanyaga. Nikarudisha mabega nyuma. Nikainua kichwa. Mbele yangu hapakuwa na mtu wa kumvunjia heshima, palikuwa na kisogo cha mzee, na dirisha, na mnazi nje. Nikavuta pumzi ikafika mahali ambapo tangu nianze kazi haikuwahi kufika. Wala sikuweza kupiga hata herufi moja, kwa kitambo, kwa sababu ya machozi. Naye alinisikia napenga kamasi, hakugeuka.

Sikumshukuru kwa maneno. Ningemshukuru angelazimika kukiri, na yeye hakutaka kukiri. Nilikuwa nikimjazia maji yake asubuhi, nikimtengea karatasi nzuri, basi. Mgongo ulipoa. Usingizi wa saa nne uliondoka. Nimepiga taipu maisha yangu yote baada ya hapo, katika ofisi nyingi, na hata leo nyumbani nikikaa kuandika lazima niwe na kitu chini ya miguu, na nikianza kukosea naondoka nikajilaza kidogo sakafuni. Wajukuu wananicheka. Wacheke, migongo yao ndiyo inayouma.

Mwezi ukaisha. Bwana akaniita, akanisomea alivyoniandika kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, kina makosa matamu, na maana yake nimekubaliwa. Nikaomba siku moja niende Pujini.

Nilifika alasiri. Barazani wamekaa baba na ami, na kwa jinsi ami alivyokaa nikajua ameletwa na habari ile ile. Nikavua viatu mbali. Nikaingia nimeinama, kama nilivyolelewa, nikawashika mikono, nikabaki pale pale nimejikunja mbele yao, macho chini. Mlango wa ndani ulikuwa na ufa, na ufani pana leso.

"Ehe," ami akasema. "Wamesemaje hao wakubwa zako?"

"Wamenipa kazi, ami. Majaribio yamekwisha."

Ami akatafuna tambuu. Akatema. "Kazi ya kukaa," akasema. "Haya, wewe umepata. Lakini hawa wawili mimi bado naona..."

"Hawa kesho wana skuli," baba akasema.

Sikuwahi kumsikia baba akimkata kaka yake maneno. Wala ami hakuwahi, nadhani, maana alibaki mdomo wazi. Baba hakuinua sauti. Alikuwa amekaa kama siku zote, mikono magotini, ila hakutazama chini. Alinitazama mimi.

"Umetembea mbali, mwanangu," akasema. "Nyoosha mgongo."

Ndani mama alikuwa ameshaanza kutandika mkeka, nilimsikia anaupiga vumbi. Najua baba alikusudia nini, ni mtu wa Pujini, hakusoma Kiswahili kitabuni. Lakini nilisimama kwanza. Pale pale, mbele ya ami, nikarudisha mabega nyuma, nikainua kichwa, nikasimama urefu wangu wote ambao si mrefu, na hakuna mkono uliokuja kunifinya. Kisha nikaingia ndani, wadogo zangu wakanikumbatia huku na huku, nikalala chali baina yao.